Anayeaga Apigiwe Makofi

Jumatatu, 3 Machi

Leo wamenicheka. Si kimoyomoyo, la. Kwa meno yote thelathini na mbili!

Nilikuwa nawaeleza nilivyoanzisha kikundi hiki cha maigizo, habari ambayo huwasimulia kila mkutano ili isije ikapotea. Nimefika pale ninapofungua mlango wa lile ghala bovu la magodoro, na mahali pa panya mimi naona jukwaa, mara Ngurumo akanimalizia sentensi. Neno kwa neno! Na kikohozi changu juu yake. Watu wakaanguka.

Ngurumo ndiye mwigizaji wetu mkubwa. Akipaza sauti, vioo vya gereji ya jirani hutetemeka. Nilimwokota mwenyewe sokoni, akinadi mashati ya mitumba. Leo ananikohoa.

Kabla sijapumua, Katibu akapendekeza mchezo ujao tuuchague kwa kura. Kura! Katibu ni mwanamke mtulivu ambaye hasemi kitu mpaka amalize kukifikiria, ndiyo maana sijawahi kumwamini. Na ombi langu la kiti chenye mikono, nikae mazoezini kama mwongozaji wa watu, limeahirishwa tena. Hukaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Mwanzilishi! Juu ya ndoo!

Basi. Kazi hii sikuisomea popote. Niliisoma kwa kutazama vinyozi, madalali na watu wanaogombana kwenye foleni, na elimu hiyo imenifunza jambo moja: mtu hathaminiwi mpaka ashike kitasa cha mlango. Kesho nitashika kitasa. Nitatangaza kwamba nastaafu. Watalia. Watanishika shati. Nami, baada ya kukataa kidogo, nitakubali kubaki kwa masharti: kura ife, Ngurumo akohoe kikohozi chake mwenyewe, na kiti.

Nimejizoeza mbele ya kioo sauti ikatike kwenye neno "kwaherini." Mama watoto ameuliza kama nimepata mafua.

Jumanne, 4 Machi

Sijui nianzie wapi. Nitaandika hivyohivyo.

Mazoezi yalipokwisha nikapanda jukwaani, nikavua kofia, nikawaambia kila jua lina machweo yake na kwamba kuanzia leo kikundi nawaachia wao. Sauti ikakatika palepale nilipoipangia. Nikainamisha kichwa kungoja kilio.

Wakapiga makofi.

Nikadhani ni makofi ya utangulizi. La! Yaliendelea. Ngurumo alipiga kama mtu anayeua mbu ukuta mzima. Katibu alipiga polepole, akinitazama usoni. Hata mama watoto, mke wangu wa ndoa, ambaye ndiye mshona maleba wetu, alitia sindano mdomoni ili apate mikono miwili ya kupigia! Fundi wa gereji akachungulia dirishani kuuliza nani anaoa.

Hakuna aliyenishika shati. Nilitembea taratibu hadi mlangoni, nikashika kitasa, nikakishika sana. Nikageuka. Makofi yakaongezeka. Ikabidi nitoke.

Nyumbani nikamwuliza mama watoto huo ni usaliti gani. Akaniuliza mimi, baba watoto, kama nimesahau kusoma, au nimesahau ukuta.

Ukuta! Nimekaa kitandani kwa kishindo.

Hadithi yenyewe ni hii. Zamani Ngurumo alikuwa haishi kuaga. Akinyimwa nafasi ya mfalme, anaaga. Chai ikiwa ya baridi, anaaga. Na kila akiaga tunamfuata hadi barabarani, tunambembeleza, anarudi amevimba zaidi. Nikachoka. Nikachukua brashi, nikaandika kwa mkono wangu ukutani, juu ya kioo cha chumba cha kuvalia: ANAYEAGA APIGIWE MAKOFI, ASIOMBWE KUBAKI. Alipoaga tena, tukampigia makofi. Kesho yake alirudi mwenyewe, mpole kama mgeni, na hajaaga tena. Sheria safi kabisa. Mpaka leo najivunia.

Lakini ua hujengewa mbuzi, hajengewi mwenye mbuzi! Nimemwambia mama watoto hivyo. Akajibu kwamba mbuzi ndio walionipigia makofi, niende nikawaulize wao.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kuchukua vitu vyangu. Mpango: kuchukua kimojakimoja, kwa huzuni, niwape nafasi ya kujuta.

Nilianza na penseli. Nikaishika kama mtu anayemshika mkono mgonjwa. Katibu akaiona hali yangu, akaita watu wanisaidie. Loo! Walivyonisaidia! Ngurumo alibeba sanduku la vitabu kichwani. Shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, ambaye ni fundi taa wetu, alikwisha kuazima mkokoteni. Akaniambia shemeji, vitu vyote tutavimaliza kwa safari moja, usisumbuke. Nilitaka kusumbuka! Nilikuja kusumbuka!

Ndoo ya rangi ikapakiwa pia. Wakasema ni yangu kihistoria.

Mkokoteni ukiwa njiani nikasikia habari mbili. Ya kwanza: Katibu amechaguliwa kuwa mwongozaji. Kwa kura. Ya pili imenirudishia roho: watanifanyia mchezo wa kuniaga, juu ya maisha yangu na kazi yangu, tangu ghala la magodoro hadi leo. Nikamwuliza Katibu, kama mtu asiyejali, mwanzilishi ataigizwa na nani. Akasema, mzee, utaratibu ni uleule: nafasi zote kwa usaili, mlango wazi kwa yeyote.

Kwa yeyote! Nimeshika kichwa kwa furaha. Nani anifahamuye mimi kuliko mimi? Nitapata nafasi yangu, nitasimama katikati ya jukwaa nikiwa mimi, watazamaji watalia, kikundi kitalia, sheria italoa, mambo yatarudi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekosa.

Naandika tena ili niamini. Nimekwenda kwenye usaili wa kuniigiza mimi, nami nimekosa.

Katibu alitaka tuonyeshe mwanzilishi akichelewa mazoezini na kuwalaumu waliowahi. Nikamwambia jambo hilo halijapata kutokea. Akasema sawa, mzee, nionyeshe lisivyotokea. Nikaingia kwa heshima, nikaomba radhi, nikawauliza watu hali zao. Mtu akapiga miayo.

Kisha akaingia Ngurumo. Akatazama taa za juu kama zilizomtukana. Akakohoa, akameza, akakohoa tena. Akauliza nani kakisogeza kiti, na hapakuwa na kiti! Mama watoto aliangukia lundo la maleba akabaki humo, miguu tu nje. Shemeji alizima taa kwa bahati mbaya. Kwenye giza nikasikia ukumbi mzima unalia kwa kicheko.

Katibu akanivuta pembeni. Akasema mzee, umejitahidi, lakini umetia chumvi mno kwenye unyenyekevu. Mwanzilishi wa kweli ana moto zaidi. Hufanani naye.

Sifanani! Nimekwenda kujitazama kwenye kioo cha chumba cha kuvalia. Juu ya kioo nikaona mwandiko wangu. Nikatoka haraka.

Wamenipa nafasi ya Jirani Mlalamishi. Anaingia mwanzoni, anasema "Punguzeni kelele!", anatoka.

Jumatano, 12 Machi

Mshangao mwingine. Wameniletea zawadi ya kustaafu. Kiti! Chenye mikono! Mti mgumu, mto mwekundu, mahali pa viwiko pamepigwa msasa mpaka panateleza. Nilikiomba miaka nikiwa kazini, nimekipata nimekwisha kutoka. Ngurumo akasema, mzee, sasa pumzika. Nilitafuta kebehi katika sauti yake sikuiona, na hilo limeniudhi zaidi.

Nimekaa alasiri nzima. Ni kizuri. Lakini kutoka kwenye kiti hiki kinachoonekana ni kabati na kalenda ya gereji. Nimeliambia kabati litoe sauti tumboni, si puani. Mama watoto amesikia. Akaongeza sukari kwenye chai yangu.

Lakini mpango mpya ninao. Ngurumo ameomba kuja nyumbani kunisoma kwa karibu. Nimekubali mara moja. Nitamfundisha uongo! Nitamwambia mwanzilishi alisema polepole, hakukasirika, hakukohoa. Ataigiza mtu baridi kama uji wa jana, watu watasinzia, Katibu ataniita mbio.

Ijumaa, 14 Machi

Alikuja. Akakaa kwenye kiti changu bila kuuliza. Nikamweleza kwa upole wote jinsi nilivyo mpole. Akaitikia naam, naam. Akaingia nzi. Nikamfukuza. Akarudi. Nikasimama na gazeti, nikamwuliza nani kamfungulia, nani kaliacha dirisha wazi, na kwa nini katika nyumba hii kila kitu lazima nifanye mimi. Nilipogeuka, Ngurumo alikuwa amesimama nyuma yangu na gazeti la kufikirika, shingo yake imekaa kama yangu, mdomo unacheza kama wangu.

Akanishukuru sana. Akasema somo kama lile halinunuliki.

Baya zaidi halijaja. Mama watoto akaingia na chai, akamkuta Ngurumo amempa mgongo, akamwambia, baba watoto, usisahau kulipia maji. Mke wangu! Tumezaa pamoja! Akajitetea kwamba ilikuwa shingo. Shingo ni ileile.

Na wakati wa kuondoka Ngurumo akaondoka na kiti. Wamekiazima kwa ajili ya onyesho. Nimerudi kwenye ndoo.

Jumanne, 18 Machi

Maji yamenifika shingoni, lakini mwenye shingo bado anafikiri.

Jirani Mlalamishi ana neno moja. Haya. Nani alisema lazima atoke akishalisema? Siku ya onyesho nitaingia, nitasema "Punguzeni kelele!", kisha sitatoka. Nitavua kofia. Nitawaambia watazamaji ukweli: jamani, mwanzilishi si huyo, ni mimi! Hapo ukumbi utasimama.

Nimekwenda kwa Shemeji kuhusu taa. Nimemwomba nikivua kofia anipige taa kubwa, ile nyeupe, mimi peke yangu. Akakuna kidevu, akauliza kama Katibu anajua. Nikamwambia Katibu hujua kila kitu. Akasema basi sawa, shemeji, utawaka. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari ya hali ya hewa, kwa nini nisiende tu nikamwambia Katibu kwamba nataka kurudi.

Nimecheka mpaka nikakohoa. Kwenda kusema! Vijana hawa hawajui kitu kuhusu sanaa.

Jumamosi, 22 Machi

Onyesho limefanyika alasiri hii. Nimelala chali. Naandika daftari likiwa kifuani.

Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Mama mkwe wangu alikaa mstari wa mbele na miwani yake ya sherehe. Pazia likafunguka: lile ghala, magodoro, na Ngurumo katikati, kofia kama yangu, koti nililofungia nalo ndoa, ambalo mama watoto alilitoa kabatini bila kunitaarifu. Akatazama pembe zote. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba hapa patakuwa na watu. Hayo tu. Sikuwa nimemfundisha hilo. Lakini nakumbuka kwamba nililisema kweli, siku ile, na aliyekuwepo alikuwa yeye, na begi lake la mitumba. Kumbe alilishika.

Nikafuta macho kwa pindo la shati. Vumbi. Lile ghala lina vumbi.

Zamu yangu ikafika. Nikaingia, nikasema "Punguzeni kelele!" Watu wakacheka vizuri. Sikutoka. Nikavua kofia. Shemeji ni mkweli: taa nyeupe ikanishukia kama ndoo ya maji. Nikanyoosha mkono, nikasema kwa sauti ya tumboni, jamani, mwanzilishi si huyo, mwanzilishi ni mimi!

Watu wakaanguka! Wakashika mbavu! Wakasema jirani kachanganyikiwa! Nikarudia, nikaapa, nikawaambia wamwulize mke wangu. Kila neno likaleta kicheko kikubwa zaidi. Nikaitazama familia yangu. Mama mkwe alikuwa anafuta machozi ya kucheka kwenye miwani.

Nikamgeukia Ngurumo. Hakuyumba hata kidogo. Akatazama taa za juu. Akakohoa. Akauliza ukumbini nani kamruhusu huyu. Kisha akanisogelea, akashusha sauti mpaka ikawa yangu hasa, akaniuliza: jirani, unabaki au unaondoka?

Katibu alikuwa upande wa pazia, ameziba mdomo kwa mkono. Mama watoto nyuma yake, na sindano zake, anatikisa kichwa: sema unabaki, sema unabaki.

Nami nikaona nafasi. Ukumbi mzima unatazama! Nikaweka mkono kifuani, nikaiacha sauti ikatike.

"Naondoka. Kwaherini."

Nikashika kitasa cha mlango wa mbao za jukwaani.

Wakapiga makofi! Ngurumo akaanza, kikundi kikafuata, kisha ukumbi wote, hata wasioijua sheria yetu, wakasimama! Mama mkwe alisimama! Tangu nizaliwe sijapigiwa makofi kama hayo. Yalinisukuma nje kama upepo. Nikajikuta nyuma ya jengo, penye mapipa, bado nimeshika kitasa. Kilikuwa kimeng'oka.

Baadaye Mama mkwe amenipongeza kwa mchezo. Akasema mkwewe yule wa jukwaani amemfurahisha, ana adabu, na kumbe ana moyo. Akaniuliza yule jirani mwendawazimu ni nani, maana ndiye aliyewaua watu kwa kicheko.

Jumapili, 23 Machi

Wamekuja! Katibu na Ngurumo, wote wawili, asubuhi, na kiti changu juu ya mkokoteni!

Katibu hakuzunguka. Akasema mazoezi yamekuwa kama msiba wa mtu asiyejulikana. Hakuna anayechelewa, hakuna anayegombana, kila kitu kinakwenda kwa kura na hakuna anayejali nani kashinda. Akasema kura anataka zibaki, lakini mtu wa kuzigombeza hana.

Ngurumo alikuwa anatazama chini, anazungusha kofia, kofia yangu. Akasema, mzee, siku ile tulipiga makofi muda mrefu kwa sababu kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kuacha. Tungeacha, tungelia. Na kulia ni kuomba, na kuomba umekataza wewe. Jana vilevile. Alikuwa ameniuliza mbele ya ukumbi ili niseme nabaki, yaishe kwa heshima. Aliponisikia nasema naondoka alitaka kunipiga na kiti.

Sikuamini masikio yangu. Nikafuta macho. Vumbi tena, humuhumu nyumbani.

Kisha Katibu akasema sheria inakataza kuomba, haikatazi kuuliza. Kwa hiyo wanauliza tu, mara moja, na jibu lolote watalipokea: nitarudi? Kesho niende ukumbini niwajibu wote.

Nikasema nitafikiri. Wakaacha kiti, wakaenda. Mama watoto akanifungia mlango wa chumba akasimama mbele yake. Akasema, baba watoto, kesho ni neno moja. Ndiyo. Hata mtoto mchanga hulitamka. Usiongeze kitu mbele yake wala nyuma yake. Nikamwahidi nitapima.

Nimepima.

Mtu wa heshima yangu haitikii mwito wa kwanza kama kuku aliyemwagiwa mtama. Walionifuata hadi nyumbani asubuhi moja, wakikataliwa kidogo si watalala mlangoni? Kwa hiyo kesho nitapanda jukwaani, nitawashukuru, nitawaambia hapana, jua limekwisha kuchwa. Hapo wataniangukia. Nitapata kiti, kura zitakufa, na kikohozi nitarudishiwa. Sauti safari hii itakatika mapema kidogo, kwenye "wapendwa."

Alasiri nimepita ukumbini hakuna mtu. Yale maandishi yangu juu ya kioo yamefifia, inasikitisha. Sheria nzuri kama ile! Nikaifuata nyumbani brashi na ile ndoo, nikalainisha rangi iliyokuwa imegandia ndani. Nimeyakoleza. Sasa yanasomeka hadi mlangoni.

Shemeji amepita sasa hivi. Ameuliza, kwa ile sauti yake ya hali ya hewa, kama kesho alete mkokoteni. Nimemwambia aulete, shemeji. Wa kuonyesha tu.